Simu yako inajuaje nyumba yenu iko wapi?

Saa nane usiku, mjamzito ameshikwa na uchungu kijijini, nje kidogo ya Geita. Dereva anapiga simu: "Nipite wapi?" Anaambiwa akifika kwenye mbuyu ashike kushoto, kisha aulize kwa fundi baiskeli. Saa hiyo fundi amelala. Familia inayoweza kutuma lokesheni inaokoa dakika ambazo mama anayevuja damu hana.

Mtoto akiuliza simu inajuaje tulipo, wazazi wengi tunajibu "setilaiti", na hatukosei. Kigumu ni swali la pili: setilaiti nazo zinafuatiliwaje juu ya dunia isiyotulia?

Maana dunia haitulii. Mhimili wake huyumba, na siku hurefuka au kufupika kidogo mno, upepo na bahari vikichangia. Huku kwetu karibu na ikweta, ardhi inazunguka kwa kasi ya takriban mita 460 kwa sekunde. Ukikosea mzunguko huo kwa sekunde moja tu ya elfu, nyumba "imehama" karibu nusu mita. Makosa yakilimbikizwa, dereva anaishia shambani kwa jirani.

Kwa hiyo wanasayansi walitafuta vigingi visivyosogea. Nyota hazifai, nazo zinahama polepole. Wakachagua kwaza: viini vya galaksi za mbali sana, ambako shimo jeusi linameza gesi na mawimbi makali ya redio yanatoka. Mawimbi ya kwaza maarufu, 3C 273, yamesafiri zaidi ya miaka bilioni 2 kutufikia. Kwa umbali huo, hata kitu kikienda kasi, kwetu kinaonekana kimesimama.

Madishi makubwa kwenye mabara tofauti hurekodi kwaza ileile. Saa za atomiki zinaonyesha wimbi lilifika dishi lipi kwanza, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza dunia imegeukia wapi. Afrika Kusini lipo dishi la Hartebeesthoek, upana mita 26, lililojengwa na NASA mwaka 1961. Ramani ya anga inayotumika tangu 2019 ina vyanzo zaidi ya 4,500, na 303 kati yake ndivyo vigingi vikuu.

Kanda ya Ziwa imeonja matunda yake. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa takriban dakika 40. Shinyanga nayo ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ulioanza kupelekwa nchi nzima mwaka 2022.

Kama nyumbani kuna mjamzito, jaribuni mapema, mchana. Ndani ya nyumba simu huzipata setilaiti kwa shida; toka uani, subiri kile kiduara cha bluu kinywee, ndipo utume kwa ndugu au dereva mnayemwamini. Ule mbuyu mwelekezeni pia, bando linaweza kuisha. Na namba ya m-mama, 115, haikati salio.