Mashine ya Vidole Haioni Kura Yako

Katika mikutano yetu ya polisi jamii kuna uvumi unaorudiwa: ati mashine inayosoma alama za vidole kituoni huweka kumbukumbu ya mgombea uliyemchagua. Uvumi huu unawatia watu hofu, nao hubaki nyumbani siku ya kura.

Ukweli ni huu. Hapa Uganda mashine hizo zilitumika katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2016, na majirani zetu wa Kenya walikuwa na vifaa vya namna hiyo tangu mwaka 2013. Kazi yake ni kulinganisha kidole na daftari la wapiga kura, ili ithibitike kuwa wewe ndiwe uliyeandikishwa na kwamba hujapiga kura tayari. Kisha hupewa karatasi isiyo na jina lako, ukaitia alama peke yako na kuitumbukiza sandukuni. Kura huhesabiwa kwa mikono, pale pale kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea.

Je, kidole kisiposomeka? Jembe, mawe na nyavu huifuta mistari ya vidole, wala hilo si kosa lako. Jaribu kidole kingine. Kikishindikana, usiondoke kimya. Mwombe msimamizi alitafute jina lako daftarini, mawakala wakishuhudia. Katika nchi zote mbili daftari lililochapishwa limewahi kutumika mashine zilipogoma.

Kwa sisi wenye jamaa pande zote mbili za mpaka, hatari nyingine ni biashara ya vitambulisho. Usimkabidhi mtu kitambulisho chako kwa ahadi ya fedha, wala usivuke kwenda kupiga kura katika nchi usiyo raia wake. Udugu hauna mpaka, lakini kura inao.

Nasi askari tuna mpaka wetu. Tupo kituoni kulinda amani. Mashine, daftari na sanduku vimo mikononi mwa Tume ya Uchaguzi. Askari akikuuliza umemchagua nani, amevuka mpaka wa kazi yake: usimjibu, na umripoti kwa msimamizi wa kituo au kwa mkuu wake. Siri ya kura ni yako, nasi tumeapa kuilinda.