Kabla ya Kulipa Karo ya Kozi ya Sayansi

Matokeo ya KCSE yanapotoka, wazazi wengi huuliza swali moja: mtoto akikosa alama za kujiunga na chuo kikuu, je, safari yake ya sayansi imefika mwisho? La. Wauguzi, maafisa wa kliniki, wataalamu wa maabara na maafisa wa mifugo wengi wanaowahudumia wakazi walianza na cheti au diploma.

Ngazi za masomo

Shahada huhitaji gredi ya wastani ya C+ au zaidi. Diploma huanzia C-, na kozi za cheti huanzia D. Aliyepata chini ya hapo anaweza kuanza na ufundi wa kimsingi, kama vile umeme au mabomba, katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, kisha apande ngazi hadi ngazi.

Hata hivyo, gredi ya wastani pekee haitoshi. Kila kozi ina masharti ya masomo yake. Diploma ya uuguzi katika chuo cha KMTC, kwa mfano, huhitaji wastani wa C pamoja na C katika Biolojia. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaochagua mkondo wa STEM wakumbuke hili mapema: anayetaka kazi ya hospitali asiache Biolojia na Kemia.

Leseni ndiyo hufungua mlango

Kazi nyingi za sayansi husimamiwa na bodi. Wauguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, maafisa wa kliniki na Baraza la Maafisa wa Kliniki, wataalamu wa maabara na KMLTTB, wanafamasia na Bodi ya Dawa na Sumu, nao wahandisi na Bodi ya Wahandisi.

Ukisomea kozi ambayo bodi haiitambui, hutasajiliwa hata ukifuzu kwa alama za juu. Bila leseni huwezi kuajiriwa kama muuguzi katika hospitali ya umma, wala kufungua kliniki au duka la dawa. Wakati huo ng'ombe ameshauzwa, na miaka mitatu imepita.

Uliza maswali haya matatu

1. Je, chuo kimesajiliwa? Vyuo vya kiufundi husajiliwa na TVETA, na vyuo vikuu huidhinishwa na CUE.

2. Je, bodi ya taaluma inaitambua kozi hii, katika chuo hiki? Usitosheke na barua inayoning'inia ukutani. Angalia orodha katika tovuti ya bodi, au piga simu.

3. Je, nitaendeleaje baadaye? Mwenye diploma inayotambuliwa anaweza kuomba nafasi ya shahada, hata kama hakupata C+ katika KCSE, mradi atimize masharti ya chuo kikuu na ya bodi.

Maombi ya kozi za serikali hufanywa kupitia KUCCPS. HELB hutoa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na vya kiufundi, kwa hivyo ukosefu wa karo usikufanye ukimbilie kozi ya bei rahisi isiyotambuliwa. Asiye na intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre. Beba matokeo yako ya KCSE na kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na uhakikishe umepata majibu kabla ya kutoa hata shilingi moja.