Neno la Mdogo Kazini

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya watu wanaofanya kazi pamoja, iwe ofisini, karakanani au hospitalini. Mara nyingi tukisema, "Pale wanaelewana sana," maana yetu ni kwamba hakuna anayembishia mkubwa. Je, huko ndiko kuelewana?

Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Zilielekezwa huko kwa sababu bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa Gran Canaria zilikokuwa zikienda. Ukungu mzito ukashuka. Rubani mkuu wa ndege ya KLM ya Uholanzi hakuwa mwanagenzi. Yeye ndiye aliyewafundisha marubani wenzake kuendesha ndege za namna ile. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, msaidizi wake alimkumbusha kwamba ruhusa haijatolewa, naye akasimama. Kisha yakaja maagizo ya njia watakayofuata wakiisha kuruka. Hayo hayakuwa ruhusa ya kuruka, lakini akaondoka. Mhandisi aliyeketi nyuma yao alisikia redioni maneno yaliyomtia shaka, akauliza kama ile ndege ya Pan American haijatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena, wala msaidizi hakumkumbusha mara ya pili. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana, wakafa watu 583.

Maneno hayo yajulikana kwa sababu chombo cha kunasa sauti kilipatikana. Sababu za ajali zilikuwa nyingi, na hatusemi kosa lilikuwa la mtu mmoja. Lakini wenye ndege walijifunza jambo. Mwaka wa 1981 shirika la United Airlines la Marekani lilianza mafunzo maalumu: mdogo afundishwe kusema wazi na kurudia, na mkubwa afundishwe kuuliza na kungoja jibu. Siku hizi mafunzo hayo hutolewa kwa marubani duniani kote.

Kwetu jambo hili ni gumu zaidi, kwa maana tumelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na malezi hayo si mabaya. Lakini soma habari za Naamani, 2 Wafalme 5. Jemadari yule alipogeuka kwa hasira, watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, kisha wakamwonyesha kwamba anakosea. Heshima haikuwafunga midomo. Naye, mtu mkubwa vile, akateremka mtoni.

Basi mkubwa wa kazi asitangaze maoni yake kwanza halafu aulize, "Kuna swali?" Nani atathubutu? Aanze kumsikia mdogo, yeye aseme mwisho.

Hata sisi tunaotayarisha kipindi hiki tuliwahi kupeleka hewani mazungumzo yasiyo ya siku ile. Kijana wa mitambo alikuwa ameona, akaogopa kutuambia. Tangu hapo tumempa ruhusa ya kusimamisha kazi bila kuuliza mtu. Amesimamisha mara mbili. Mara ya pili alikuwa amekosea, tukamshukuru vilevile.