Kolemanaiti: boroni isiyokimbia na mvua

MKULIMA wa alizeti anayevuna vichwa vilivyopinda na mbegu tupu hulaumu mbegu au ukame. Wakati mwingine kilichokosekana ni boroni. Mmea huihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini ikikosekana uchavushaji huharibika na punje hazijai.

Boroni nyingi ya mbolea hutokana na boraksi, ambayo huyeyuka upesi. Kwenye udongo wa kichanga, mvua kubwa huishusha chini ya mizizi kabla mmea haujashiba. Ndiyo maana wataalamu wa udongo hutaja kolemanaiti, madini yenye kalsiamu, boroni na maji, ambayo huyeyuka polepole.

Kolemanaiti safi ni nyeupe au haina rangi, na hung'aa kama kioo. Ugumu wake ni 4.5 kwa kipimo cha Mohs, hivyo kisu huikwaruza. Karibu asilimia 22 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani, na ikitiwa moto hupasuka-pasuka vipande vipande.

Madini haya hupatikana kwenye mashapo ya maziwa ya kale yaliyokauka katika nchi kame. Yalipewa jina mwaka 1884, baada ya kugunduliwa Death Valley, California. Jina ni la William Tell Coleman, mfanyabiashara wa San Francisco aliyemiliki machimbo hayo. Utajiri wa ardhini haukumwokoa: alifilisika mwaka 1888, na mali zake za boraksi zikaishia kwa Francis Marion Smith.

Leo mzalishaji mkubwa ni Uturuki, hasa maeneo ya Emet na Bigadiç, chini ya shirika la serikali la Eti Maden. Wateja wakubwa ni viwanda vya nyuzi za kioo na vya asidi ya boriki. Mkulima ni mteja mdogo hapo, na bei haipangwi kwa kumtazama yeye.

Kwa hiyo asihesabu bei ya mfuko, ahesabu bei ya boroni iliyomo. Kolemanaiti safi ina boroni karibu asilimia 15.8, boraksi asilimia 11.3. Kupata kilo 1 ya boroni, kiasi ambacho mara nyingi hutosha hekta moja, zinahitajika kilo 6.3 za kolemanaiti safi au kilo 8.8 za boraksi. Bidhaa ya dukani huwa imechanganyika na udongo wa machimboni, hivyo asilimia hushuka. Isomwe kwenye mfuko kabla ya kulipa.

Tatizo ni kwamba kati ya upungufu na sumu pana nafasi finyu. Pamba na kabichi huvumilia boroni. Maharage huungua kingo za majani. Na kwa kuwa kolemanaiti haiondoki haraka, aliyezidisha kipimo kwenye alizeti mwaka huu anaweza kuikuta msimu ujao akipanda maharage shamba lilelile. Udongo upimwe kwanza, na mbolea hii isambazwe shamba zima, isiwekwe kwenye shimo la mbegu.