Asiye na shamba naye apande mti

Ndugu msomaji, Tunduma, mji wetu wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, una wapangaji wengi. Mtu ana chumba na kibaraza tu; ardhi ni ya mwenye nyumba. Je, huyu amekoseshwa fadhila ya kupanda?

Mtume wetu (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, ametubainishia kuwa chochote kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutoka katika mti alioupanda Muislamu ni sadaka yake. Ukubwa wa shamba haukutajwa.

Basi tunashauri mndimu, mlimau au mkomamanga katika ndoo kuukuu ya lita 20. Itobolewe matundu chini, kwani maji yakituama mizizi huoza. Udongo uchanganywe na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Tuchague mche uliobebeshwa: huweza kuzaa baada ya miaka 2 au 3, ilhali wa mbegu hukawia zaidi. Mizizi ikijaza ndoo, mti uhamishiwe katika pipa lililokatwa nusu.

Wakati wa kiangazi, Mei hadi Oktoba, udongo wa ndoo hukauka upesi kuliko wa shamba. Hapo tukinge maji ya udhu katika beseni, tuumwagilie. Ya sabuni tusiyatumie.

Mpangaji akihama, mti huhama naye. Akimwachia jirani, sadaka yake inabaki pale pale. Tusingoje kiwanja, ndugu zetu. Wallahu a'lam.