Kwa nini programu ya kwanza ya C hukwama kwenye kusoma jina

Lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 kiini cha mfumo endeshi wa Unix kiliandikwa upya kwa lugha hiyo. Kompyuta ya wakati ule, PDP-11, ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, kwa hiyo C haikubebeshwa ulinzi usio wa lazima. Haiulizi kama anwani ni halali, wala haipimi kama nafasi inatosha. Kiini cha Linux kimeandikwa kwa C kwa sehemu kubwa, na toleo la Python linalotumika zaidi pia, ndiyo maana vyuo vingi havijaiacha. Anayeianza leo anarithi chombo kilichotungwa kwa ajili ya watu walioijua mashine yao nje ndani.

Kila kigeu katika programu kina mambo mawili: thamani iliyomo, na anwani ya mahali kilipowekwa kwenye kumbukumbu. Ni kama sanduku la posta. Nambari ya sanduku ni kitu kimoja, barua iliyomo ni kitu kingine. Kielekezi ni kigeu ambacho thamani yake ni anwani. Alama & hutoa anwani ya kigeu, na nyota, *, huifuata anwani hiyo hadi kwenye thamani. Nadharia yenyewe haizidi hapo. Kinachosumbua ni kwamba nyota hiyohiyo hutumika kutangaza kielekezi, na tena kuzidisha namba, hivyo mtu anaweza kusoma mistari mitatu yenye nyota asijue ipi inafanya nini. Lawama hapo ni ya lugha, si ya mwanafunzi.

Mkasa wa kwanza hutokea kwenye scanf, fankisheni inayosoma kinachoandikwa kwenye kibodi. C huipa fankisheni nakala ya thamani, si kigeu chenyewe. Ikiandikwa scanf("%d", umri) ili kusoma namba nzima kwenye kigeu umri, basi scanf hupokea namba iliyomo ndani ya umri, tuseme 0, na kuichukulia namba hiyo kuwa anwani ya kuandikia. Mfumo endeshi hauiruhusu programu kugusa anwani hiyo. Programu huuawa papo hapo na skrini huonyesha maneno mawili yanayojulikana kwa kila aliyepitia C: Segmentation fault. Dawa ni alama moja tu, &umri.

Mwanafunzi akishazoea kuweka & kila mahali, hukutana na scanf("%s", jina) isiyo na alama hiyo, na bado inafanya kazi. Sababu ni kwamba jina hapo ni safu ya herufi, na safu inapopelekwa kwenye fankisheni, kinachokwenda ni anwani ya herufi yake ya kwanza. Anwani tayari ipo. Lakini kama jina limetangazwa kuwa kielekezi kitupu, char *jina, bila kuelekezwa popote, anwani iliyomo ni takataka, na herufi huandikwa popote pale zitakapoangukia. Ubaya wa kosa hili ni kwamba siku nyingine programu haianguki. Humkubalia mwenyewe nyumbani, kisha ikaanguka mbele ya mwalimu.

Nafasi nayo ina hesabu yake. Jina Mwanaisha lina herufi tisa, lakini safu ya herufi tisa hailitoshi, kwa sababu C hufunga kila maandishi kwa baiti moja ya sifuri inayoonyesha mwisho. Zinahitajika kumi. Ile ya kumi isipopewa nafasi, scanf huiandika nje ya mpaka, juu ya chochote kilichokaa jirani. Kwa safu ya herufi kumi, njia salama ni kuandika %9s, ili kinachozidi kisisomwe. Fankisheni nyingine ya kusoma, gets, haikuwa hata na mahali pa kuweka kikomo hicho. Novemba 1988, mnyoo wa Robert Morris, programu inayojisambaza yenyewe, ulienea kwenye Intaneti ya wakati huo, na mojawapo ya njia zake ilikuwa programu iliyosoma kwa gets ndani ya nafasi ya baiti 512. Mnyoo uliijaza hadi ikafurika. Hata hivyo gets iliondolewa katika viwango rasmi vya C mwaka 2011 tu, na mafunzo ya zamani yanayoitumia bado yanasomwa.

Tatizo jingine halihusu anwani. Mtumiaji akiandika 25 na kubonyeza Enter, %d huchukua 25 na kuiacha alama ya mstari mpya kwenye foleni. Ikifuata %c, inayosoma herufi moja, kwa swali la ndiyo au hapana, huichukua alama hiyo mara moja, na swali hupita kabla mtu hajagusa kibodi. Nafasi moja mbele ya %c, yaani " %c", huiambia scanf iruke alama za aina hiyo. Ushauri wa kuisafisha foleni kwa fflush(stdin) ni wa kukataa, kwa kuwa kiwango cha C hakielezi inapaswa kufanya nini. Mtumiaji akiandika herufi mahali pa namba, scanf hurudisha 0 na kuziacha herufi zilipo. Ikiwa ndani ya kitanzi kisichokagua jibu hilo, programu huzunguka bila kikomo.

Katika kutafuta hitilafu, wengi hutawanya printf, fankisheni inayoandika kwenye skrini, kila mahali. Njia hiyo si mbaya, ila ina mtego wake. Maandishi yasiyomalizika kwa alama ya mstari mpya ya \n yanaweza kubaki kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, na kupotea programu inapoanguka, hivyo mtu akadhani kosa liko juu kuliko lilipo. Kompaila ya gcc ikipewa -Wall hulitaja kosa la & lililosahaulika, pamoja na namba ya mstari, kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Ikiongezwa -g na -fsanitize=address, programu iliyovuka mpaka wa safu husimamishwa na mstari wenye kosa hutajwa. Kwa programu iliyoanguka tayari, chombo cha kutafutia hitilafu kiitwacho gdb kikipewa amri ya bt huonyesha fankisheni zilizoitana hadi pale ilipofia.

Walimu wa C wangefanya vyema kuwaanzisha wanafunzi kwa fgets, ambayo haikubali kusoma bila kuambiwa ukubwa wa nafasi na huchukua mstari mzima, ukitosha, pamoja na alama yake ya mwisho, kisha namba zitolewe kwenye mstari huo kwa sscanf au strtol. scanf ingoje hadi vielekezi viwe vimeeleweka. Na -Wall iandikwe kuanzia somo la kwanza.