Sura ya Nne: Onyo Lisilofika Mlangoni

Mafuriko yakitokea, kauli ni ile ile: "Watu waliambiwa wahame, wakakaidi." Nimeisikia redioni, vikaoni, hata misibani. Hakuna kauli inayoturudisha nyuma kama hii, maana inamtwika marehemu lawama na kulifunga faili.

Chukua Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, baadhi ya wahanga walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Wapo waliorudi bondeni. Mchuuzi wa Kariakoo anajua nauli itamla kila siku, ilhali mafuriko huenda yasije mwaka huu. Amepiga hesabu, na mwenye kutaka kumhamisha aanze na hesabu hiyo. Rufiji nako wakulima hulima mlau, yaani kupanda kwenye tope linaloachwa na maji yakishuka. Mto unaowazamisha ndio unaowalisha.

Kisha kuna uvumi, na hadithi za majoka. Desemba 3, 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh, zaidi ya watu 80 walikufa, na uvumi wa volkano ukasambaa. Kwingine mlima ukimeguka husemwa joka limehama. Sina subira na maneno haya, kwa sababu yanaua. Wataalamu walieleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka. Joka halina dalili za kufuatilia; mteremko unazo. Ardhi hupasuka nyufa, miti na nguzo huinama, chemchemi huzuka pasipokuwa na maji. Mto ukipungua ghafla huku mvua ikiendelea kunyesha, ujue umezibwa juu. Usishuke kuuangalia, panda pembeni, mbali na mkondo. Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya kalvati kuziba, yakalipasua usiku watu wakiwa wamelala.

Nilipanga kuzigawia onyo, hifadhi na chakula nafasi sawa katika sura hii. Lakini Bangladesh, iliyojifunza kulifikisha onyo mlangoni, haipitiki harakaharaka.

Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua laki tatu huko, nchi ikiwa bado Pakistani ya Mashariki. Mwaka 1972 ukaanzishwa mpango wa kujiandaa na vimbunga, wa serikali pamoja na Hilali Nyekundu. Msingi wake ni watu wa kujitolea wanaoishi kijijini hapo hapo, wenye vipaza sauti vya mkononi na bendera: moja, mbili au tatu, kadiri hatari inavyokaribia. Asiyejua kusoma anazihesabu.

Hata hivyo kimbunga cha 1991 kiliua zaidi ya watu laki moja na thelathini elfu. Wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Wengine hawakutaka kubanana na wanaume wasiowajua kwenye jengo la hifadhi. Wengine walibaki na watoto na mifugo wakimsubiri mume. Hapo ndipo kazi ya maana ilipofanyika: majengo zaidi yakajengwa, vikatengwa vyumba vya wanawake, vikainuliwa vilima vya udongo vya kuhifadhia ng'ombe, na wanawake wakaandikishwa kwa wingi kupiga hodi kwa wanawake wenzao. Kimbunga Sidr, 2007, kiliua takriban watu 3,400. Mwaka 2020, Amphan ilipokaribia, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa, na waliokufa nchini humo hawakufika 50. Bahari ni ile ile, na umaskini haukuisha.

Kwetu sasa mtindo ni programu za simu na warsha za "ustahimilivu" hotelini. Simu ya bibi haina chaji, na mjukuu ndiye anayeisoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa, na Mei 2024 ilitangaza Kimbunga Hidaya siku kadhaa kabla hakijafika karibu na kisiwa cha Mafia. Utabiri umekua sana. Kinachopungua ni hatua ya mwisho: mvua "ya juu ya wastani" haimwambii mama wa kijijini kama maji yatafika kwenye mwembe wake au yataishia barabarani. Hilo wanalijua wazee waliokwisha kuyaona maji yalipofika, na mchoro wa rangi kwenye ukuta wa shule unatosha kulihifadhi.

Kwa hiyo namwomba mwenyekiti wa kitongoji anayesoma haya aitishe mkutano kabla ya masika. Mwandike nyumba zenye kipofu, mjamzito, mgonjwa wa kitandani na mzee anayeishi peke yake. Mbele ya kila jina liandikwe la jirani atakayembeba, na jingine la akiba endapo wa kwanza amesafiri. Amueni ng'ombe watapelekwa wapi. Kisha fanyeni zoezi usiku, bila taa, maana mafuriko mengi huja watu wakiwa wamelala.